Mie mkimya, au nimezoea kujificha tu?

Juzi rafiki yangu kantumia ule mtihani wa tabia wa herufi nne, ule uliotokana na mawazo ya daktari wa akili Carl Jung ya 1921 halafu Katharine Briggs na mwanawe Isabel wakayageuza maswali, na mwisho wake dunia nzima tukagaiwa mafungu 16. Nikaujaza usiku, mwanga wa simu nimeupunguza maana nalala chumba kimoja na mdogo wangu. Majibu: mkimya, hapendi mikusanyiko. Nikasema ndo mie huyu!

Lakini mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake wote karatasi moja ile ile ya kuelezea tabia zao, kila mmoja akadhani kaandikiwa yeye, na kwa ilivyowalenga wakaipa wastani wa 4.26 kwa 5. Yaani kama mtu wa falaki anapokwambia nyota yako Akarabu basi una siri moyoni, nani hana?

Kilichonikaa zaidi ni lile suali la kuzungumza na usiowajua. Nimejibu sizungumzi. Kweli, harusini sizungumzi, kwa sababu suali la kwanza ni wewe mtoto wa nani na la pili unaoa lini. Sasa hiyo ni tabia au hesabu? Mtu miaka yote anachunga mkono wake usipinde anapoelezea kitu barazani, na sheria ya hapa juu ya wanaume wanaopendana sote tunaijua, utasemaje huyo kaumbwa mkimya? Mbona nikiwa na wenzangu watatu mlango umefungwa mie ndo mwenye kelele mpaka naambiwa "we, punguza sauti, jirani anasikia".

Na kwenye kupenda ni hivo hivo. Ukifungua Grindr, ile programu ya simu ya wanaume wanaotafuta wanaume, hapa Unguja kila mtu mstaarabu, msiri, anataka dume la kweli na hataki wenye mikogo, na mie nilikuwa naandika hivo hivo neno kwa neno. Haya, hao wenye mikogo wanapendwa na nani? Maana (naona haya kidogo) wote walionivunja moyo walikuwa wa kelele, mmoja wa Wete, kule Pemba, akicheka kahawa yote inamwagikia kanzu, na mie nilikuwa nampenda kwa hicho hicho, anafanya mchana barazani ninachofanya mie usiku mlango umefungwa. Wazee walituachia vyumba viwili tu, basha na shoga (na shoga lenyewe bibi yangu anamwita jirani yake kila siku wakichambua mchele), sie tukavikimbia, tukaingia vyumba 16 na bado tunasema uongo mlangoni.

Jana nikaujaza tena, safari hii najibu kama niko na wale watatu. Herufi ya mwanzo, ile ya ukimya au uchangamfu, ikabadilika. Nikampelekea yule wa Wete, hata sijui kwanini, akanirejeshea ujumbe wa sauti, dakika nzima anacheka tu.