Hati mkato yataka irabu zake

Shangazi yangu huchonga penseli ncha zote mbili. Ncha moja ikiwa butu katikati ya sentensi, huigeuza kiganjani na kuendelea bila kuinua macho. Mkono wa kushoto nao una kazi yake: kidole gumba kimeshainua pembe ya ukurasa, kinangoja mstari wa mwisho uishe. Alikuwa sekretari Kilindini, Mombasa, miaka mingi, kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Siku hizi amestaafu, yuko nyumbani Kibokoni, lakini ukimsomea gazeti utaona kidole chake cha shahada kikichora juu ya goti.

Kwake ndiko ninakojifunza hati mkato, yaani kuandika kwa michoro mifupi ili mkono uifuate kasi ya msemaji, huu mwaka wa pili. Kila nikimwambia mtu, naulizwa swali lile lile: kwani simu hairekodi? Inarekodi. Lakini kikao cha saa tatu kitataka saa tatu nyingine za kukisikiliza, na kwenye ukumbi ambao feni inanguruma na watu wanakatizana maneno, simu hushika makelele yote sawasawa, ilhali sikio la karani huchagua. Tena wako watu ambao ukiweka simu mezani tu, wananyamaza.

Nina jambo zito zaidi la kusema. Hati mkato tuliyoletewa haikuundwa kwa Kiswahili, na mtu akiitumia kwa Kiswahili bila kuirekebisha atawasingizia watu maneno. Nasema hivyo kwa sababu nimewahi kumsingizia mtu.

Mwaka jana nilikuwa karani katika kikao cha wapangaji wa mtaani kwetu na mwenye nyumba. Tulikuwa tumechangishana kutengeneza bomba la maji, na mzee mmoja akasimama akasema kwamba fedha ile tutalipwa kabla ya Ramadhani. Nikachora haraka: T, T, L, P. Mwishoni nikaambiwa nisome. Nikasoma, "tutalipa." Ukumbi ukawaka moto. Mwenye nyumba akadaka hapo hapo, kwamba mzee amekubali mbele ya watu wote. Mzee akanitazama, akasema taratibu, "Mwanangu, hilo sikulisema mimi." Ilikuwa W moja tu, na ilituchukua wiki mbili kuyasawazisha.

Nilipompelekea shangazi daftari, aliuona mchoro akajua mara moja. Isaac Pitman alipotoa mfumo huu wa hati mkato Uingereza mwaka 1837, msingi wake ulikuwa kuandika sauti badala ya tahajia. T ni kistari kilichosimama wima. Kikandamize kiwe kinene, kimekuwa D. K ni kistari kilicholala. Kikinenepa ni G. P na B zimeinamia upande mmoja, CH na J upande wa pili. Ndiyo maana ya penseli, kwani kalamu ya wino ya kawaida haitofautishi wembamba na unene. Irabu ni nukta na vistari vidogo vinavyowekwa kando ya mchoro, na mwandishi akishapata kasi, nyingi anaziacha. Kinachobaki ni mahali pa mchoro wenyewe, juu ya mstari, kwenye mstari au ukiukata mstari, ili kuashiria irabu ya kwanza.

Kiingereza kinastahimili hayo. Chukua K na T za Kiswahili uone: kata, keti, kiti, kitu, kito, kote, kuta, kutu. Maneno manane, na bado sijamaliza.

Liko na la pili, ambalo sikulijua mpaka nilipokaa naye. Katika Pitman, ukikifupisha kistari nusu umekiongezea T au D, na ukikitia kikulabu mwishoni umekiongezea N. Hizo ni njia kubwa za kupata kasi. Lakini mwisho wa neno hazitumiki ikiwa sauti ya mwisho ni irabu. Sasa nitajie neno la Kiswahili lisiloishia kwa irabu. Utatafuta mpaka ufike kwenye "takriban" na "maalum". Kwa hiyo anayeandika Kiswahili anaingia kazini tayari amenyang'anywa zana mbili nzuri mno.

Wazee wa mji huu walikutana na shida kama hii zamani. Mashairi ya Muyaka bin Haji yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na hati hiyo ina alama tatu za irabu fupi wakati Kiswahili kina irabu tano. Mmishonari W. E. Taylor alipoyakusanya mashairi hayo hapa Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, alimhitaji Mwalimu Sikujua, mtu aliyeyajua maneno yenyewe. Karatasi peke yake isingetosha. Hati mkato isiyo na irabu iko vivyo hivyo: mwandishi akisahau alichosikia, karatasi haimkumbushi.

Mfumo wa John Robert Gregg, uliotoka 1888, ungetufaa zaidi. Irabu zake zimo ndani ya mchoro wenyewe: duara kubwa ni A, duara dogo ni E au I, vikulabu ni O na U. Unene hauna maana yoyote. Kinachohesabiwa ni urefu, T ni fupi na D ni ndefu, N fupi na M ndefu, kwa hiyo kalamu yoyote inafaa. Tulifundishwa Pitman kwa kuwa aliyetutawala ni Mwingereza. Mtu akiniuliza leo aanzie wapi kuandika Kiswahili, nitamwambia Gregg. Shangazi hakubali hata kidogo, na kwa kasi yake sina cha kumjibu.

Lakini hata kwa Pitman, Kiswahili kina ukarimu wake. Analipa, alilipa, atalipa, amelipa: nyakati zinatofautishwa na konsonanti, N, L, T, M. Hapo unaweza kutupa irabu za viambishi hivyo na wakati haupotei. Kwa hiyo mimi sasa nakata mbele na kulinda nyuma. Viambishi vya wakati naviandika konsonanti tupu, irabu za mzizi naziweka zote, na W ya kutendwa siiachi hata nikimbizwe vipi. H ya kukanusha pia, maana "tutalipa" na "hatutalipa" zimetenganishwa na pumzi tu. Nimeanza hata kutia nukta kwa sauti ambazo tahajia ya kawaida haizionyeshi. Kwa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, paa la nyumba na paa wa mwituni hazitamkwi sawa, kaa la moto na kaa wa baharini vilevile, na ikiwa tunaandika sauti, hatuna sababu ya kuziacha hizo.

Kinachoniuma ni kwamba shangazi, pamoja na ustadi wote ule, hakuwahi kufundishwa hata somo moja la hati mkato kwa Kiswahili. Imla zote zilikuwa za Kiingereza, mitihani ya Kiingereza, maneno 80 kwa dakika, halafu 100, halafu 120. Bosi akisema, aliandika neno kwa neno. Kuli akiingia ofisini kujieleza, alimsikiliza kwa Kiswahili, akamtafsiri kichwani, akaandika Kiingereza kilichofupishwa. Bosi akahifadhiwa kwa sauti yake, kuli akabaki muhtasari. Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi, na mabaraza, mirathi na kesi za ardhi za hapa Pwani huzungumzwa kwa Kiswahili. Vyuo vinavyofundisha makarani vinapaswa kufundisha kukiandika kwa kasi kama kinavyosemwa, bila kukipitisha kwanza kwenye lugha nyingine.

Jumapili iliyopita nilimuuliza kama kuna neno la kuli analolikumbuka. Alinyamaza muda. Kisha akanieleza habari ya kijana aliyevunjika mguu ghalani, akaletwa ofisini amebebwa. Kwenye ripoti shangazi aliandika kwamba gunia lilianguka. Kijana hakusema hivyo. Alisema, "Sikuliacha mimi, niliachiwa."

Nikachukua penseli. Niliandika polepole, irabu zote, na ile W nikaikandamiza kidogo hata ikanenepa isivyotakiwa. Shangazi akavaa miwani, akauvuta ukurasa karibu, akaweka kidole pale pale.

"Hebu soma."

Nikasoma: sikuliacha mimi, niliachiwa.

"Lilikuwa gunia la kahawa," akasema. "Liongeze."