Pimeni na tope, si maji peke yake

Wiki jana tingatinga lilishuka kwenye Mto Nairobi nyuma ya mtaa wetu, likazoa tope la chini lote pamoja na majani na matawi yaliyolala humo, likarundika ukingoni. Kisha chupa ya maji ikainuliwa juu tuione: mto umesafishwa! Niliondoka na hasira ambayo mpaka leo haijaniisha.

Maji ya chupa yanaeleza hali ya dakika ile tu. Yakishaingia Athi na kuteremka hadi baharini kwa jina la Sabaki, habari za mtaa wetu hayana tena. Linalobaki ni tope, na humo ndimo chakula cha mto kilimo. Jani likianguka majini, kuvu na bakteria hulilainisha, kaa na wadudu wachanga hulitafuna, na makombo yao pamoja na kinyesi hutulia chini, yakalisha viumbe ambao nao huliwa na samaki. Kwenye vijito vyenye kivuli kama vya msitu wa Karura, ambako mwani haupati jua la kutosha, majani hayo ndiyo tegemeo kubwa.

Kulipima tope hakuhitaji mitambo ya ajabu. Unachota la juu, sentimita chache, unatoa mawe, unalikausha kwa nyuzi 105 mpaka uzito usibadilike. Unalipima, halafu unalichoma kwenye tanuri la nyuzi 550 kwa saa kadhaa. Lililoingia jeusi likinuka hutoka majivu makavu, pengine mekundu kama tofali kwa sababu ya chuma kilichomo. Lipoe pasipo unyevu, ulipime tena. Gramu 20 zikirudi 18, basi asilimia 10 ilikuwa mabaki ya viumbe.

Haya, nakubali: tanuri halitofautishi jani na kinyesi cha binadamu, na udongo wa mfinyanzi ukichomwa hupoteza maji yaliyofungwa ndani yake, hesabu ikazidi. Mto wa maji taka unaweza kuushinda wa msituni kwa asilimia. Lakini hiyo ni sababu ya kupima zaidi! Linganisha kaboni na naitrojeni, upate fununu kama mabaki hayo ni ya majani au ya maji taka. Angalia na wanaoishi humo: ukikuta minyoo myembamba na mabuu mekundu ya visubi peke yao, ujue oksijeni imepungua sana.

Na wanaopanda mikaratusi ukingoni wajue majani yake magumu yenye mafuta wadudu wengi hawayapendi.

Kabla tingatinga jingine halijashuka, tope lichotwe karibu na kinamasi cha Ondiri mto unakoanzia, lichotwe katikati ya jiji, na tena kabla ya Athi. Lichotwe wakati wa kiangazi, lirudiwe baada ya masika, maana mafuriko hulisomba. Majibu yabandikwe kwa chifu tuyasome, na matawi yasiyoziba maji yaachwe pale yalipo.