Siku Niliyofuta Maktaba

Tarehe 30 Juni saiba za River Road, Nairobi, hujaa kama matatu ya jioni. Ndiyo siku ya mwisho ya kufaili ritani za kodi kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, na hata asiye na senti lazima afike kutangaza rasmi kwamba hana senti. Siku hiyo, kati ya siku zote 365, mimi ndiyo niliyochagua kutengeneza printa.

Programu ya printa mpya iligoma kwenye seva yetu. Ilidai glibc 2.34, yaani toleo jipya la libc, maktaba ya msingi ya Linux, na Ubuntu 20.04, Linux ya seva yetu, inakuja na 2.31. Mtu mwenye akili angerudisha printa dukani. Mimi nikapakua libc mpya kutoka mahali ambapo nitapaficha hadi kaburini, nikajipa mamlaka ya root, yale ya kugusa kila kitu kwenye mashine, nikakunja mikono ya shati.

Kwa wasiojua: kwenye Linux kuna maktaba moja, libc.so.6, ambayo karibu kila amri huchota kwayo. Ni kama lile tangi jeusi juu ya paa la ploti. Mpangaji wa chini na wa juu, wote wanategemea bomba moja. Kwenye toleo letu, libc.so.6 lilikuwa ndilo hilo bomba, kiungo tu kinachoelekea kwenye faili yenyewe, libc-2.31.so. Mpango wangu ulikuwa rahisi: nang'oa bomba, naliunganisha na tangi jipya.

Kung'oa kulifaulu vizuri sana. Nikaandika `ln` niunganishe. Ikajibu kwamba haiwezi kufungua libc.so.6. Kumbe `ln` nayo ni mpangaji! `ls`, hakuna. `cp`, hakuna. `sudo` ndiyo hata usiguse. Jasho likaanza kunitoka mgongoni.

Kilichonishangaza ni kwamba wateja hawakujua lolote. Intaneti iliendelea kupita kwenye seva, maana programu zilizokuwa tayari zinakimbia zilishajaza mitungi yao kabla sijang'oa bomba. Hata shell yangu, lile dirisha la kuandikia amri, ilikuwa hai: `cd` ilikubali, na `echo *` ikanionyesha faili zote zimekaa pale zikinitazama.

Nikampigia binamu yangu anayefanya kazi ya seva Westlands. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sikiliza, bro. Usifunge hiyo terminali. Na chochote utakachofanya, usizime mashine. Andika LD_PRELOAD, uielekeze amri ichote moja kwa moja kwenye faili yenyewe, halafu..."

Mama mwenye saiba alikuwa nyuma yangu. "Kuna nini, kijana?"

"Mama, nimefuta maktaba kidogo."

"Maktaba? Ile ya McMillan?"

"Hapana Mama, ya ndani ya kompyuta."

"Basi hiyo ni ya kuzima na kuwasha," akasema, na kidole chake kikafika kwenye swichi kabla mdomo wangu haujafunguka. Binamu alisikia ule mlio wa feni kufa. Alicheka mpaka akakata simu.

Seva ilipoamka, ilitema maandishi meupe na kusimama: "Kernel panic", na kwenye mstari huo huo, "Attempted to kill init!", init ikiwa ile programu ya kwanza kuamka. Mama akavaa miwani. "Kill? Nani ameuawa?" Foleni yote ikageuka kunitazama mimi.

Nikakimbia Luthuli Avenue kununua flashi. Sasa, kuweka Ubuntu kwenye flashi kunahitaji kompyuta yenye intaneti, na yetu ndiyo hiyo imekufa. Nikaingia kwa mpinzani wetu wa mtaa wa pili, nikalipa kama mteja wa kawaida, wateja wetu watatu wakiwa wameshahamia huko. Mmoja alinipungia mkono.

Niliporudi nikawasha seva kwa flashi, nikachungulia /lib, na libc.so.6 nikaikuta pale, nzima kabisa. Nikashukuru Mungu kwa sauti. Nikachomoa flashi, nikawasha upya. Kernel panic. Nikarudia, shukrani na yote. Mara ya tatu ndipo nikang'amua kwamba nilikuwa nikikagua tangi la flashi, siyo la seva. Diski yetu hata sikuwa nimeipandisha, yaani kuiunganisha ili isomeke.

Nikaipandisha kwenye /mnt, nikaingia kwenye folda ya maktaba zake, nikaandika: `ln -s libc-2.31.so libc.so.6`. Mstari mmoja. Saa nne nzima kwa mstari mmoja, ambao binamu angenimalizia kwa simu kama Mama angechelewa sekunde kumi.

Nikachomoa flashi, nikazima, nikawasha. Ikaamka kama mtoto aliyeshiba. Ilikuwa saa mbili usiku, na foleni ilikuwa imerudi hadi kwenye ngazi.

Mama akawageukia wateja, mikono kiunoni. "Mmeona? Si nilimwambia tangu mchana? Ni kuzima na kuwasha tu."