Mama Mkwe na Vumbi la Calke Abbey

Kumtembeza mama mkwe kuna masharti yake. Humkatalii, humharakishi, na akifanya la ajabu humwambii. Unakohoa na kutazama dari. Siku hiyo nilikohoa hadi mzungu mmoja akanipa peremende ya kifua.

Mama alikuwa ametoka Tanga kuja kumwona mjukuu wake hapa Derby, Uingereza. Mke wangu yuko zamu, Salma yuko shule, nimeachiwa agizo: "Mpeleke mama akaone jumba la mabwana wa zamani, wasije wakasema huko nyumbani tumemleta Ulaya kumfungia ndani." Majumba ya namna hiyo yamejaa Derbyshire. Lipo Chatsworth, ambalo hata fremu za madirisha zimepakwa dhahabu. Nikatazama kiingilio chake kwenye simu, nikaikumbuka bili ya umeme, nikageuza gari kuelekea Calke Abbey, karibu na kijiji cha Ticknall.

Njiani nilijitahidi kumpa historia. Nikamweleza kuwa karne ya 12 palikuwa na makao ya watawa, kwamba ukoo wa Harpur ulipanunua mwaka 1622, na kwamba jumba la sasa lilijengwa kati ya 1701 na 1704. Mama akaitikia "ehee, ehee," kisha nikasikia anakoroma. Ndivyo sehemu tamu ilivyompita, kwa sababu ukoo ule haukuwa ukipenda watu. Sir Henry, baroneti wa saba (cheo cha ubwana kinachorithiwa), alijitenga na walimwengu, akamwoa mtumishi wa ndani, wakubwa wenzake wakamsusa. Nadhani ndicho alichokuwa akikitafuta. Kitukuu wake, Sir Vauncey, aliyefariki mwaka 1924, akamzidi: magari marufuku kwenye ardhi yake, na mabinti zake wanaoishi nyumba hiyo hiyo akiwa na neno nao anawaandikia barua, mtumishi anaipeleka. Mapenzi yake yote yalikuwa kwa ndege, lakini ndege waliokufa, wakajazwa pamba na kutiwa kwenye makabati ya vioo. Chumba kikijaa kinafungwa, wanahamia kingine. Umeme wenyewe uliingia mwaka 1962, Tanganyika ikiwa imeshapata uhuru.

Halafu mwaka 1981 Charles Harpur-Crewe, mwenye jumba wakati huo, akafa ghafla, na kodi ya mirathi ikaja kama pauni milioni 8. Wapi na wapi! Serikali ikabidi itie mkono, na mwaka 1985 jumba likakabidhiwa National Trust, shirika la kuhifadhi majumba ya kale. Hao wakafungua milango ya vyumba vilivyofungwa miaka nenda rudi, wakaamua jambo moja ambalo mimi nalistahi sana ila ni gumu kumweleza mtu wa Tanga: libaki vile vile lilivyokutwa. Rangi inayobanduka iachwe inabanduka, karatasi ya ukutani iliyochanika iachwe imechanika. Wanaziba paa lisivuje na kuzuia mambo yasizidi hapo, basi.

Sasa mchukue mwanamke ambaye uwanja wake hufagiwa kabla ya adhana ya alfajiri, mwingize humo.

Mlangoni alivua viatu. Nikavua na mimi, ningefanyaje? Tukaingia pekupeku. Kuna chumba kimoja kuta zake zimebandikwa michoro ya kejeli ya wakubwa wa zamani, mingine si ya kutazama na mkweo ubavuni. Nikasimama kwa adabu kuelekea dirishani, nikamwacha mama atangulie. Nilipomfuata, nilikuta kazi imeshaanza.

Ikumbukwe kwamba kwenye majumba ya National Trust hawapendi kuandika "usikae" kila mahali. Wanaweka tunda la msonobari au ua kavu lenye miiba juu ya kiti, na Mwingereza akiona mwiba anajua. Mama yeye aliona takataka. Amepita kiti baada ya kiti, anaokota, anatia kwenye mkoba, anapangusa kwa ncha ya kanga. Alipochoka akakaa. Mzee mmoja na mkewe, watalii, walipoona bibi wa watu ameketi kwa utulivu na kiti cha pembeni hakina mwiba, wakakaa nao. Mwingine akavuta kiti cha tatu. Nilikuta baraza imekamilika, wanatabasamiana, juu yao vichwa vya wanyama wenye mapembe vimewakodolea macho.

"Karibu, Baba Salma," mama akaniambia, kana kwamba kwake. "Kaa, mwanangu. Hii nyumba imekosa mtu wa kuiangalia."

Nikakohoa.

Ndipo alipoingia mhudumu wa kujitolea, bibi mwembamba mwenye nywele nyeupe pe na kadi shingoni. Akaangalia viti. Akaangalia watu. Midomo ikamcheza bila sauti kutoka. Wale watalii waliinuka kama waliokalia siafu, na mama naye akainuka, ila yeye alimwendea yule bibi moja kwa moja na kumshika mikono yote miwili.

"Mwambie mwenzangu pole," akaniagiza. "Mwambie nimeona. Jumba lote hili, mume hayupo, watoto wamemkimbia, hata wa kumpangusia vumbi hana."

Mama alikuwa ameshahukumu kwamba yule ni mjane mwenye nyumba. Nikamgeukia bibi, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mama yangu anavutiwa mno na historia ya hapa. Bibi akasema, kwa upole wenye meno, kwamba wageni wanaombwa wasiguse kitu, maana hata vumbi lenyewe huondolewa kwa utaratibu, na wataalamu wa uhifadhi, kwa brashi laini.

"Anasemaje?"

"Anashukuru, mama."

"Nilijua." Akafungua mkoba ili atoe leso, na yale maua ya miiba yakamwagika miguuni pa bibi wa watu, moja baada ya jingine, na tunda la msonobari likabingirika hadi chini ya kabati la ndege. Nikapiga magoti kulifuata. Nikiwa huko chini, uso kwa uso na ndege wa Sir Vauncey, nikasikia mama anasema "shika, dada, si kitu." Nilipoinuka, noti ya pauni kumi niliyompa asubuhi ya kununulia chai ilikuwa mkononi mwa mhudumu, imekunjwa vizuri kama mkunjo wa ubani wa msibani.

Hapo ikanibidi nitafsiri kwa uaminifu, maana pesa haifasiriwi vingine. Nikaeleza: kwetu mtu akifiwa au akipatikana na shida, humwendei mikono mitupu. Yule bibi aliitazama noti, akamtazama mama, kisha akacheka mpaka akajifuta machozi. Akaitia noti kwenye sanduku la michango. Akashika mkono wa mama na kutuongoza yeye mwenyewe vyumba vilivyobaki, na mimi nikawa nyuma nabeba mkoba.

Kumweleza mama kwamba ubovu ule ni wa makusudi ilikuwa kazi. Alisikiliza, akafikiri. "Yaani wanautunza ubovu usije ukaharibika?" Nilipomwambia bibi, alisema hajawahi kusikia imeelezwa vizuri namna ile.

Lakini mahali walipoelewana bila mkalimani ni kwenye kitanda. Kimewekwa nyuma ya kioo, mwanga umepunguzwa. Mapazia yake ni hariri ya China iliyotariziwa mazimwi na ndege, rangi mbichi kana kwamba fundi kanyanyua sindano jana. Inaaminika familia ilikipata kutoka kwa binti mfalme Anne, mtoto wa George II, wakati Lady Caroline Manners alipoolewa mwaka 1734 na Sir Henry Harpur mwingine, baroneti wa tano. Na hakikupata kulaliwa hapo Calke. Kilikaa kwenye makasha kwa karibu miaka 250, hadi watu wa National Trust walipoyafungua.

Nilitegemea mama ashangae. Hata.

"Ndivyo inavyotakiwa," alisema. "Kitu kizuri hakitumiwi ovyo. Kama lile blanketi lako."

"Blanketi gani, mama?"

"Ulilonipa kwenye mkaja, la Kichina, lenye chui. Limo sandukuni, hata nailoni sijaichana. Nangoja mgeni wa maana."

Bibi akataka kujua mama kasema nini, nikamweleza, akaitikia kwa kichwa kwa heshima kubwa, mtu na mhifadhi mwenzake. Mimi nilikuwa nahesabu. Blanketi lile nililikopa dukani kwa Mhindi wiki ya harusi. Salma amezaliwa, ametambaa, ameota meno na kuyang'oa, na mwenye duka mpaka leo akinitumia salamu za Idi huwa anamalizia kwa kuulizia salio.