Nafasi ya bure mtandaoni inatosha, ukichagua cha kuweka

GB 15 ambazo Google humpa kila mwenye akaunti zinatosha kulinda karibu kila faili ambalo likipotea leo hutalipata tena. Wengi hawakubali, kwa kuwa nafasi yao imeshajaa. Lakini imejaa nini? Video za kusambaziwa kwenye makundi ya WhatsApp, picha za skrini, filamu, programu zilizopakuliwa. Hivyo vyote vinatafutika upya. Cheti kilichoskaniwa, mkataba, andiko ulilolifanyia kazi miezi kadhaa na picha za waliokwisha kufariki havitafutiki. Anza na hivyo.

GB hizo 15 hutumiwa kwa pamoja na Gmail, Drive na Picha za Google, na tangu Juni 1, 2021 kila picha mpya unayopakia inahesabiwa, hata iliyopunguzwa ukubwa. Zikijaa, hata barua pepe huacha kuingia. Kwa hiyo napendelea kutumia huduma mbili: nyaraka ziwe Google, na nakala yake iwe MEGA, inayotoa GB 20. OneDrive na iCloud hutoa GB 5 kila moja, Dropbox GB 2, na kwa nyaraka tupu hata hizo 2 hubeba mengi.

Jambo linaloumiza watu kuliko yote ni kudhani kuwa folda ya kompyuta inayojisawazisha yenyewe na ya mtandaoni ni bekapu. Ukifuta faili kwenye kompyuta, linafutika na mtandaoni pia. Kwenye Drive litakaa kwenye tupio siku 30, kisha basi. Kirusi kikiyafunga mafaili yako ili udaiwe pesa, mafaili hayo yaliyoharibika ndiyo yatakayopakiwa juu ya yale mazima. Nakala ya kweli haibadiliki unapobadilisha faili la awali.

Njia yangu ni hii. Kusanya nyaraka kwenye folda moja, uifunge kwa 7-Zip, programu ya bure ya kubana mafaili, katika muundo wa 7z, uweke nywila na uteue kisanduku cha kuficha majina ya mafaili. Usipokiteua, mtu ataona orodha ya vilivyomo hata asipoweza kuvifungua. Jina lianze na mwaka kisha mwezi, kwa mfano 2025-03-nyaraka, ili nakala zijipange zenyewe kwa tarehe. Pakia kwa kivinjari, nje ya folda inayojisawazisha. Mwezi unaofuata pakia nyingine bila kugusa ya kwanza, na ubaki na tatu za mwisho. Nywila hiyo iandike kwenye karatasi, maana ikipotea hakuna wa kukufungulia.

Kasi ya kupakia nayo ina hesabu yake. Kwa Mbps 1, yaani megabiti moja kwa sekunde, GB 10 huchukua takriban saa 22, na mtandao ukikatika katikati huenda ukaanza upya. Iambie 7-Zip ikate faili vipande vya MB 500, upakie kimoja kimoja, na uzuie kompyuta isilale. Vipande vyote vinahitajika wakati wa kufungua. Kikikosekana kimoja, kazi imeharibika.

Akaunti yenyewe nayo ilindwe. Washa uthibitishaji wa hatua 2, yaani nywila pamoja na uthibitisho wa simu, kisha chapisha kwenye karatasi zile namba 10 za akiba ambazo Google hutoa, kwa sababu simu ikiibiwa, ujumbe wa kuthibitisha utakwenda kwa mwizi. Kwa MEGA, pakua ufunguo wa kurejesha akaunti siku ileile unapojisajili. Akaunti ya Google isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo, kwa hiyo hata ile ya akiba ingia mara mojamoja.

Ukishapakia, chukua kifaa kingine, pakua nakala ya mwisho, iweke nywila na ufungue mafaili mawili matatu, PDF moja na picha moja. Likigoma kufunguka, faili la awali bado unalo, na unaweza kupakia upya jioni hiyohiyo.