Hongera Si Jibu

Barua pepe ya kunikubali ilinifikia nikiwa kwenye feri ya Likoni, alfajiri, nimebanwa kati ya kijana mwenye baiskeli na mama mmoja aliyejitwika beseni la mihogo. Niliisoma mara tatu. "Tunafurahi kukufahamisha kwamba mswada wako..." Mikono ilinitetemeka nikaogopa simu itaanguka majini. Nilitaka kumwambia mtu, na hapakuwa na mtu ninayemjua, basi nikamwambia yule mama: kitabu changu kitachapishwa. Akanitazama usoni, akatabasamu, akasema, "Mashallah, hongera mwanangu." Feri ikagonga ng'ambo, lango likashuka, akapotea kwenye umati akipanda mteremko. Hiyo ndiyo hongera yangu ya kwanza, na naikumbuka kuliko zote zilizofuata.

Siku hizi vijana wa hapa Mombasa wanaoandika huniuliza mswada hupelekwa wapi, mkataba husemaje, mtu husubiri muda gani. Ni maswali mazuri nami huyajibu. Ila sijaulizwa hata mara moja moyo hupitia nini baada ya hapo. Mimi mwenyewe sikuuliza. Nilidhani kukataliwa ndio uchungu wa mwandishi, na kwamba siku ya kukubaliwa uchungu huo huisha. Nimekataliwa mara nne kabla ya barua ile ya feri, na nasema kwa moyo mkunjufu kabisa: kukataliwa kulinichoma kidogo kuliko kimya kilichokuja baada ya kitabu kutoka.

Nianze na kusubiri. Miezi kumi na tisa. Furaha haikai muda wote huo. Mwezi wa kwanza nilikuwa nalala nikiwaza jalada. Wa nne nikaanza kuisoma tena ile barua pepe nihakikishe sikuielewa vibaya. Kufika mwezi wa tisa nilikuwa nakwepa kupita barazani kwa Ami yangu, kwa sababu kila nikipita aliniuliza, "Kitabu kiwapi?" nami sina jawabu.

Kisha mswada ukarudi kutoka kwa mhariri, umejaa wekundu.

Hapa nataka kutua kidogo. Mhariri wangu alikuwa mtu makini. Aliondoa sura yote ya kwanza, nikanuna siku tatu, kisha nikaisoma riwaya bila sura ile nikaona hadithi imeanza pale ilipostahili kuanzia. Kwa hilo namshukuru hadi leo. Lakini katika riwaya mna bibi mmoja wa mtaa wa Kuze. Mwanawe wa kiume amefariki baharini, na mjukuu wake analia nyuma ya mlango. Bibi anamwambia: "Pangusa matozi, ndoo ukae hapa." Hivyo ndivyo alivyosema nyanya yangu mimi, kwa sauti yake, maisha yake yote. Mhariri aliandika juu yake: "Pangusa machozi, njoo ukae hapa." Pembeni akaongeza maelezo kwamba msomaji wa bara hataelewa.

Herufi chache tu. Lakini niliposoma sentensi ile iliyosahihishwa sikumsikia nyanya. Nilimsikia mtangazaji wa redio.

Kiswahili Sanifu nakipenda, nacho ndicho ninachoandikia hapa. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa ndio uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili hicho, na faida yake tumeiona: mtu wa Kisumu na mtu wa Mbeya wanasoma gazeti moja. Lakini sanifu ni ya msimulizi. Mhusika ana mdomo wake. Abdilatif Abdalla, mtoto wa Mombasa, alifungwa kwa maandishi yake ya kisiasa, akaandika mashairi gerezani kwenye karatasi za chooni kati ya 1969 na 1972. Diwani yake ilitoka 1973, imejaa Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Msomaji wa bara hakushindwa kuelewa. Kama kuna neno gumu, huwekewa maelezo chini ya ukurasa, na watu husoma na kujifunza.

Hoja zote hizi nilikuwa nazo kichwani siku ile, na sikuandika hata moja. Nilijibu, "Sawa, nakubali mabadiliko yote." Niliogopa. Niliona nikibisha watabadili nia, wapo wengine mia wanaosubiri nafasi yangu. Ningependa mtu angeniambia wakati ule kwamba mchapishaji aliyekwisha kutia sahihi mkataba hakukimbii kwa sababu umetetea neno. Mwandishi mpya hajui hilo. Hujiona kama mgeni aliyekaribishwa, na mgeni hachagui kiti.

Vitabu vilikuja kwa basi kutoka Nairobi. Nilivichukua kwenye ofisi ya vifurushi pale Mwembe Tayari, boksi moja lililofungwa kwa kamba ya nailoni, ndani nakala kumi za mwandishi. Sikuweza kungoja kufika nyumbani. Nilikaa kwenye ngazi za duka lililofungwa, nikakata kamba kwa ufunguo, nikatoa kimoja. Karatasi zilikuwa bado zina harufu ya wino na gundi, na kurasa mbili za nyuma zilikuwa hazijakatwa vizuri, zimeshikana kwenye ncha. Jina langu lilikuwa juu ya jalada. Nililipitisha kidole. Nakumbuka kuwaza kwamba hata nikifa leo, kitu hiki kipo. Kisha vidole vyenyewe vikaenda ukurasa wa 41, na pale pakawa na neno "machozi". Furaha na majonzi vilinikuta kwenye ngazi moja, saa moja, na sikujua nishike kipi kwanza.

Mamangu alikipokea kitabu kwa mikono miwili, kama anavyopokea kitu kitokacho Maka. Akakibusu. Akakizungushia kanga mpya, ile ambayo hajaikata doti, akakiweka ndani ya sanduku lenye hati za nyumba na vyeti vyetu vya kuzaliwa. Kimo humo hadi leo. Najua maana ya tendo lile, na hakuna heshima kubwa zaidi anayoweza kunipa. Na bado usiku ule nililala nikiumia, kwa sababu kitabu kilichofungwa kwenye kanga hakisomwi.

Zikaja hongera. Kwenye WhatsApp ya familia, ya waliosoma nami, ya msikitini, ya mtaa. Maua, mikono iliyounganishwa, "umetutoa kimasomaso". Wiki mbili niliishi kama bwana harusi. Watu walinisimamisha Bondeni kunipa mkono. Wengine wakauliza nimelipwa ngapi, wengine wakauliza nakala yao iko wapi. Hilo la malipo nilijibu kwa ufupi, na nitalijibu hapa pia kwa sababu halina siri: mkataba wangu ni mrabaha wa asilimia 10 ya kile anachopokea mchapishaji, si ya bei ya dukani, na hesabu hufanywa mara moja kwa mwaka. Kitabu kikiuzwa shilingi 500, na muuzaji akakata fungu lake, kwangu hubaki shilingi thelathini na kitu. Mwandishi hujua mapema kwamba hatajenga nyumba. Hayo hayakunivunja.

Kilichonivunja ni wiki ya tatu. Simu ilinyamaza. Nikasema, wanasoma, wape muda. Mwezi wa pili nikasema vivyo hivyo. Nilianza kwenda kwenye duka moja la vitabu mjini kila Ijumaa baada ya swala. Kitabu changu kilikuwa rafu ya chini, kati ya vitabu vya marudio vya mitihani, nakala tatu. Nilizihesabu kila nikienda. Wiki saba zilibaki tatu. Wiki ya nane zikawa mbili, na nilitoka pale moyo ukinienda mbio, nikitazama sura za watu barabarani, nikijiuliza ni yupi. Nilitaka kumkimbilia mtu yule nimuulize: umefika wapi? Yule mjane wa kitabuni umemwonaje? Ulilia pale nilipolia mimi nikiandika?

Sikumjua. Mpaka leo simjui.

Nimefikiri sana kwa nini kimya hiki kinauma hivi, na naona jibu liko katika jinsi sisi wa pwani tulivyolelewa na maneno. Hapa kwetu neno halikuwa kitu cha kwenda kusomwa chumbani peke yako. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mvita, alipotunga, shairi lake lilikuwa na mtu wa kulijibu. Alirushiana beti na washairi wa Lamu, akatega mafumbo, wenzake wakayafumbua kwa mizani ile ile. Alifariki mnamo 1840, na diwani yake ikachapishwa 1940, Johannesburg. Miaka mia. Hakukiona kitabu chake, wala jalada, wala mrabaha. Lakini jibu alilipata akiwa hai, tena pengine kabla jua halijatua. Na kama si watu kama Mwalimu Sikujua bin Abdallah, waliozihifadhi beti zile kifuani na kuzitoa ziandikwe, tusingekuwa na cha kuchapisha.

Mimi nina kila alichokikosa Muyaka, na nilikosa kile alichokuwa nacho.

Hata leo, mtu akighani shairi kwenye harusi hapa Mji wa Kale, hangoji miezi kumi na tisa. Beti ya tatu ikiwa dhaifu ataona watu wanainamia simu zao. Ikiwa tamu ataitwa airudie. Mwandishi wa kitabu ametupa jiwe kisimani, ameinama, anasikiliza, na hasikii maji.

Kwa hiyo nasema na nyinyi mnaotupongeza, na nasema kwa mapenzi: hongera ni nzuri, lakini hongera si jibu. Hongera unaweza kumpa mtu bila kufungua ukurasa wa kwanza. Kama ndugu yako ameandika kitabu, usimwambie ni kizuri. Mwambie uliishia ukurasa wa ngapi. Mwambie nani katika kitabu alikuudhi, na mwisho wake umeukubali au umeukataa. Mwambie hukukimaliza na kwa nini. Tumezoea kudhani kitabu husomwa kwa sababu ya mtihani, na kwamba mwenye haki ya kusema juu yake ni mwalimu au mhakiki wa chuo kikuu. Si kweli. Mwuza viazi karai ana haki hiyo hiyo, na mara nyingi ana jicho kali zaidi.

Nalijua hilo kwa sababu yupo Bi mmoja wa Kibokoni, rafiki wa marehemu nyanya. Macho yake yameingia mtoto wa jicho, hawezi kusoma. Mwezi wa tano baada ya kitabu kutoka alimtuma mjukuu wake aje kuniita. Nilidhani anataka kunipongeza. Nilimkuta barazani kwake, mjukuu kando yake, kijana wa kidato cha pili, na kitabu mkononi kimeingia madoa ya mafuta. Alikuwa amesomewa chote, usiku baada ya usiku, baada ya isha.

Hakuanza na hongera. Alinipa kikombe cha kahawa, akasema: "Huyu mjane wako kenda Marikiti, na mumewe hajafika arubaini. Edda ni miezi minne na siku kumi. Nani kampa ruhusa?"

Nikamwambia hakuwa na chakula ndani, na mwenye dharura huruhusiwa kutoka mchana. Akasema hilo analijua tangu sijazaliwa, lakini majirani walikuwa wapi? Kuze gani hiyo ambayo mjane alala njaa na watu wapo? Nikamwambia ndiyo habari yenyewe ninayoisimulia, kwamba majirani walikuwepo na hawakuja. Alinyamaza. Kisha akasema polepole, "Hiyo yaweza kuwa. Lakini hukuiandika. Yataka iandikwe." Na alisema kweli. Sikuiandika, niliifikiria tu.

Tulibishana hadi adhana ya alasiri. Nilikuwa nimejawa na furaha ambayo sikuipata kwenye feri wala kwenye ngazi za Mwembe Tayari. Kuna mtu aliyeingia katika nyumba niliyoijenga, akafungua vyungu, akakuta havina kitu, akaja kuniuliza.

Nilipotaka kuaga alinishika mkono. "Na jambo jingine. Huyu bibi ni mtu wa wapi?"

"Wa Kuze, Bi."

"Mbona asema machozi?"

Sikuweza kumjibu. Nilimwomba kijana kitabu, nikafungua ukurasa wa 41, nikachukua kalamu yake ya shule, nikakata neno lile kwa mstari mmoja na juu yake nikaandika "matozi". Nikakata "njoo", nikaandika "ndoo". Bi akamwambia mjukuu asome tena pale. Kijana akasoma: "Pangusa matozi, ndoo ukae hapa."

Akatikisa kichwa, akanisogezea kikombe cha pili. "Sasa ndiye," akasema. "Keti. Haya, turudi kwa huyo mjane."