Pima donge kabla ya kukopa

Mtu akitaka kuanza kuuza maandazi, swali lake la kwanza huwa ni mtaji ataupata wapi. Mimi naona swali hilo lingesubiri kidogo. Kwanza ajue andazi moja linamgharimu shilingi ngapi, maana asipojua hilo, hata akipewa laki tano zitaishia kwenye karai.

Tuchukue kilo moja ya unga wa ngano. Bei hizi ni za mfano, weka za sokoni kwako. Unga 2,000. Sukari gramu 150, kama kilo ni 3,000, inakuwa 450. Hamira 200, iliki na chumvi 100. Mafuta, yaani ya kukandia pamoja na yale yanayonywewa na maandazi, robo lita, sawa na 1,500 ikiwa lita ni 6,000. Mkaa 400. Jumla 4,650.

Unga huo ukishakandwa kwa maji kama nusu lita, unapata uzito wa karibu gramu 1,700. Ukikata madonge ya gramu 50, unatoa maandazi 34. Ukiyauza 200 kila moja, unaingiza 6,800 na kubakiwa na 2,150. Sasa mkono ukizidisha gramu 10 tu kwa kila donge, maandazi yanashuka hadi 28, mauzo 5,600, na kinachobaki ni 950. Mteja hajaona tofauti yoyote, lakini zaidi ya nusu ya faida yako imeondoka. Kwa anayekanda kilo 5 kwa siku, hiyo ni 10,750 dhidi ya 4,750.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kununua ni mizani ndogo ya jikoni. Pima madonge kumi ya mwanzo kila asubuhi hadi mkono uzoee, na uendelee kupima mara moja moja hata ukishazoea, hasa ukimpa kazi msaidizi. Kama unasukuma na kukata kwa kisu, pima vipande vya pembeni na vya katikati. Hapo ndipo ukubwa unapotofautiana sana.

Mafuta nayo yanakula pesa kimyakimya. Yasipopata moto wa kutosha, andazi linakaa muda mrefu kwenye karai na linayanywa. Utaliona linachuruzika ukilibana. Tupia kipande kidogo cha unga: kikizama na kukaa chini, subiri, kikipanda juu haraka huku kikitoa mapovu, anza. Kikigeuka rangi papo hapo, punguza moto, la sivyo nje litaungua na ndani litabaki bichi. Usijaze karai, kwa sababu maandazi mengi kwa mpigo yanapoza mafuta na unarudi kwenye tatizo lile lile. Chuja mafuta kila siku, na yakianza kuwa meusi, kutoa povu au moshi mapema, yamwage. Najua inauma, lakini mteja akisikia ladha ya mafuta yaliyochoka kesho anavuka barabara kwa jirani.

Turudi kwenye ile 10,750. Jilipe kwanza, tuseme 5,000 kwa siku, maana umeamka saa kumi alfajiri na kazi hiyo ina thamani. Zimebaki 5,750. Katika maandazi 170, yakilala 20 umepoteza 4,000. Umebakiwa na 1,750, na hapo hujalipa pango wala ushuru. Masalio ndiyo yanayoumiza biashara hii kuliko bei ya unga. Dawa yake ni kukanda kwa mikupuo miwili: wa kwanza mkubwa wa asubuhi, wa pili mdogo, na huo uanze tu ikiwa wa kwanza umekaribia kwisha saa mbili. Shule zikifungwa, punguza siku hiyo hiyo, usingoje wiki ipite ndipo ushtuke.

Wengine hukimbilia kusambaza kwenye maduka. Mwenye duka atataka andazi kwa 150 ili auze 200. Kwa hesabu yetu, 34 mara 150 ni 5,100, faida 450 kwa kilo nzima ya unga. Akichukua kwa mali kauli, yaani anakulipa baada ya kuuza, na kukurudishia yaliyolala, umemfanyia kazi bure. Kubali tu akilipa taslimu, bila kurudisha, na ikiwa unanunua unga kwa mfuko wa kilo 25 na mafuta kwa dumu, ili gharama ishuke kweli.

Hapa ndipo suala la mkopo linapoingia. Chukua mfano wa kausha damu, ile mikopo ya haraka yenye riba kubwa: unapewa 100,000, unarudisha 5,000 kila siku kwa siku 26, jumla 130,000. Biashara inayobakiza 1,750 kwa siku haiwezi kulipa 5,000. Ile 3,250 iliyopungua itatoka kwenye pesa ya unga wa kesho, kwa hiyo utakanda kidogo zaidi na utauza kidogo zaidi, huku rejesho likibaki pale pale. Watu wamepoteza friji na magodoro kwa hesabu hii. Kama hesabu yako inaonyesha kweli kwamba pesa zaidi italeta faida zaidi, ulizia kwanza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, yaani inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Haina riba, nayo imegawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Daftari liwe na safu tano: unga uliokandwa, maandazi yaliyotoka, yaliyouzwa, yaliyolala, pesa iliyopo mkononi. Andazi ulilompa mtoto wako liandikwe pia, na la jirani aliyesema atalipa jioni. Malipo ya simu yaingie kwenye laini ya biashara peke yake, siyo ile unayotumia kununulia vocha na kumtumia mama nauli. Jaza kila siku kabla ya kulala, kwa siku 30 mfululizo. Ukiona kilo moja inatoa 31 badala ya 34 kwa siku tatu, rudi kwenye mizani kabla ya kugusa bei.